Watoto Wetu na Amana ya Ardhi

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeteremsha maji kutoka mawinguni akaihuisha ardhi kwayo. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, nakuusieni pamoja na nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu. Leo twazungumzia amana ya ardhi, na jinsi ya kuwalea watoto wetu waitunze.

Mtume (S.A.W.) alituonya tusijisaidie mahali patatu: penye maji, njiani na kivulini. Mahali hapo ni pa watu wote, na mwenye kupachafua huwadhulumu wote. Basi tuutazame mji wetu wa Babati. Maji tunayo, nalo ni Ziwa Babati. Njia tunazo, na kivuli cha miti tunacho. Je, taka za nyumba zetu huishia wapi?

Mtoto atupaye chupa mtaroni hudhani imepotea. Haikupotea. Mvua ikinyesha, chupa ile huziba mtaro, maji yakaingia nyumbani kwa jirani. Au husukumwa hadi ziwani, waliko samaki na viboko. Na milima ikikatwa miti, udongo huporomoka ukapunguza kina cha ziwa. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1990, ziwa lilipofurika likauingia mji. Mvua ni rehema. Tusiigeuze balaa kwa mikono yetu.

Serikali yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia tarehe 1 Juni, 2019. Lakini sheria haiingii jikoni kumlea mtoto. Kazi hiyo ni yetu, kwani kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa juu ya alichokichunga.

Tuwafundishe nini? Kwanza, kutotupa kinachofaa. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, alisimulia kuwa Mtume nyumbani kwake alikuwa akishona viatu vyake na kutia viraka nguo zake. Ikiwa mbora wa viumbe hakuona haya kutengeneza kilichochakaa, sisi twaona haya ya nini?

Pili, kutenganisha taka. Maganda ya ndizi na mabaki ya mboga yatiwe shimoni yawe mboji ya migomba. Chupa za plastiki na vyuma chakavu vikusanywe kando, wapewe wanunuzi, virudi viwandani vikatengenezwe vitu vingine. Plastiki isichomwe uani, kwa kuwa moshi wake ni sumu kwa wale wale watoto tunaowalea.

Tatu, kutofanya israfu. Mtume alitawadha kwa maji kiasi cha kibaba kimoja tu. Nanyi wanafunzi wa madrasa, fungeni bomba kabla hamjaenda kusimama katika swala.

Enyi wazazi, mtoto hufuata mkono kuliko ulimi. Baba akitupa taka dirishani mwa basi, amekwisha kutoa somo, na mwanawe amelihifadhi. Na akiliondoa jiwe au kigae njiani, amefundisha tawi mojawapo la imani.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwaachie watoto wetu ardhi njema na maji safi, na uwajaalie wawe waaminifu kuliko sisi. Nasema kauli yangu hii, na namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu. Amin.