Moja na Nusu

Juma lililopita mjukuu wangu alishikwa na kikohozi. Chupa ya dawa tuliyopewa ilibandikwa karatasi iliyochapwa na kompyuta: “kijiko 11/2”. Bibi yake akauliza: vijiko kumi na kimoja, au vitano na nusu? Nikarudi duka la dawa kwa miguu. Kumbe mwenyewe alikuwa ameandika 1½.

Kompyuta, bwana, haijui herufi. Inajua namba tu. Alama ile ya nusu iliyobanwa pamoja, ½, katika mpangilio wa ISO 8859-1 namba yake ni 189. Mwaka 1999 ukatolewa mpangilio mwingine, ISO 8859-15, na 189 ikawa herufi ya Kifaransa, œ. Nusu ikafukuzwa kumpisha mgeni! Unicode imeipa makao ya kudumu, U+00BD, na katika UTF-8 huandikwa kwa baiti mbili. Programu ya kizamani ikizisoma moja moja, hutokea ½. Hilo linakera, lakini angalau unaona kwamba kuna kosa.

Hatari ni programu inayojifanya muungwana. Kanuni moja ya Unicode, NFKC, huivunja ½ kuwa tarakimu za kawaida: 1, mkwaju, 2. Mbele yake kukiwa na 1 nyingine bila nafasi, zinagandana. Moja na nusu inakuwa kumi na moja kugawanywa kwa mbili, na karatasi inaonekana safi kabisa.

Muuza dawa alifuta, akaandika kwa kalamu: kijiko kimoja na nusu. Mtoto alikunywa usiku ule ule.