Gesi ya Jokofu Bovu Isiachiwe Hewani



Jokofu linapogoma kugandisha, jambo la kwanza linalofanyika nyuma ya nyumba nyingi ni fundi kukata kwa koleo kibomba chembamba cha shaba kilichochomoza kwenye kompresa. Husikika mlio mfupi wa upepo, watoto husogea kutazama, kisha kimya. Gesi imekwisha kwenda. Hapakuwa na moshi wala harufu ya kumkera jirani, na kwa sababu hiyo kitendo hicho huhesabiwa kuwa si kitu. Mazungumzo haya yanahusu upepo huo wa sekunde chache, na kifaa kidogo kinachoweza kuuzuia.

Mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza kwamba gesi zilizotumika katika majokofu ya zama hizo, R-12 ikiwa mojawapo, hupanda juu sana na kuharibu tabaka la ozoni linaloukinga uso wa dunia na mionzi mikali ya jua. Dunia iliwasikiliza, ingawa kwa kuchelewa: Itifaki ya Montreal ilitiwa saini tarehe 16 Septemba 1987, na Tanzania ikajiunga nayo mwaka 1993. Gesi iliyochukua nafasi ya R-12 katika majokofu mengi ya nyumbani, yaani R-134a, haiigusi ozoni. Lakini ina dosari nyingine. Kwa kipimo cha miaka 100, kilo moja ya gesi hiyo huongeza joto la dunia sawa na kilo 1,430 za hewa ya ukaa. Ndiyo maana mwaka 2016, hapo jirani Kigali, mataifa yalikubaliana kuipunguza nayo na jamii yake.

Jokofu la kawaida huwa na gramu 150 hivi. Ni kidogo mno kwa macho, lakini zikiachiwa hewani madhara yake ni kama kuchoma lita 90 za petroli. Hapana mwananchi ambaye angekubali kumwona fundi akimwaga na kuwasha petroli kiasi hicho uani kwake ili tu atengeneze jokofu.

Kifaa cha kuivuna gesi hiyo ni kisanduku chenye mpini, ambacho kwa aina nyingi kina uzito wa kilo 10 hadi 15. Hubebeka kwenye pikipiki. Ndani yake mna kompresa ndogo, feni na swichi inayozima mashine yenyewe mgandamizo unapozidi. Pamoja nacho huenda geji, mipira mitatu, mizani na mtungi maalumu. Kwa kuwa jokofu la nyumbani halina valvu ya kufungulia, fundi hubana kibomba cha kompresa kwa koleo la kutobolea, lile linalotoboa bila kuvujisha. Mashine huvuta gesi, huipoza mpaka igeuke maji, kisha huisukuma mtungini. Fundi mzoefu huliwasha jokofu kwanza kwa dakika chache, kama kompresa bado ni nzima, ili mafuta yapate joto na kuiachia gesi yaliyoinywa. Kulipasha kwa moto ni kosa kubwa.

Mtungi ndio sehemu inayodharauliwa, nao ndio wenye hatari. Haujazwi kupita asilimia 80, kwa maana gesi iliyogeuka maji hutanuka jua likipanda, na mtungi usio na nafasi hupasuka. Mizani si pambo. Ndiyo inayomwambia fundi asimame wapi. Mitungi myepesi ya kutumika mara moja, ile inayokuja na gesi mpya dukani, hairuhusiwi kujazwa tena hata ikionekana imara. Aidha, gesi za aina mbili hazichanganywi: mchanganyiko haurudishwi kwenye jokofu lolote, na kuusafisha ni kazi isiyofanyika mtaani.

Fundi mwenyewe hunufaika kabla ya mtu mwingine yeyote. R-134a huchemka katika nyuzi 26 chini ya sifuri, hivyo tone likiruka huiunguza ngozi kwa baridi na laweza kulipofusha jicho. Katika chumba kilichofungwa, gesi hutuama chini na kuisukuma hewa ya kupumua. Na bomba lenye mabaki likiguswa na moto wa kuchomelea, gesi huvunjika na kutoa asidi inayounguza mapafu.

Hata hivyo, si haki kumtupia fundi lawama zote. Mteja humlipa kwa jokofu kugandisha. Hamlipi kwa gesi aliyoikamata. Gramu 150 hazina bei ya kumfidia muda wake, sembuse bei ya mashine. Njia iliyo karibu ni mafundi kumiliki mashine moja kwa pamoja na kupokezana. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, hutolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa, na kikundi cha vijana mafundi kinaweza kuiombea kazi hii kupitia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Mteja naye akubali kuongeza kidogo katika malipo ya matengenezo. Bila hilo mashine itakaa kabatini.

Wanunuzi wa vyuma chakavu nao wamo. Kompresa inayopasuliwa kwa nyundo ili itoe shaba humwaga gesi yote kwa pigo moja. Jokofu bovu lipitie kwanza kwa fundi mwenye mashine, ndipo liuzwe.

Limebaki jambo moja lisilosubiri mkopo wala kikundi. Majokofu mengi mapya hutumia R-600a, gesi inayowaka kama ile ya kupikia. Mashine ya kawaida ya kuvunia haifai kwake, kwa kuwa cheche moja ya swichi yatosha kulipua. Huhitaji mashine iliyotengenezwa kwa gesi zinazowaka, mahali pa wazi, mbali na jiko. Aina ya gesi imeandikwa kwenye kibati kilichobandikwa ndani ya jokofu au nyuma yake, karibu na kompresa, na penye R-600a huwapo pia alama ya moto. Mwenye jokofu akisome kibati hicho na kumtajia fundi kwa simu, kabla fundi hajafunga mkoba wake kuja.