Mtoto Akitoka Vidoa vya Damu, Apimwe Kabla ya Kupewa Dawa

(Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti katika kikao cha wazazi na wahudumu wa afya ya jamii)



Chukueni mfano huu. Mtoto wa miaka mitatu alikuwa na mafua wiki mbili zilizopita, akapona. Leo unamwogesha, unaona miguu imejaa vidoa vyekundu kama ncha ya pini na mapaja yana alama za zambarau. Hajaanguka, na anacheza kama kawaida. Jirani anauliza ni nani aliyemchapa. Mwingine anasema ni jicho.

Huenda ni ugonjwa ambao madaktari huuita ITP. Damu ina chembe ndogo, pleitileti, zinazoziba mshipa unapopasuka. Kinga ya mwili, mara nyingi baada ya kupigana na virusi, hukosea ikaanza kuziharibu. Kwa kawaida huwa 150,000 hadi 450,000 katika kila maikrolita ya damu. Kwenye ITP hushuka chini ya 100,000. Ugonjwa huu hauambukizi, wala si kosa la mzazi.

Hakuna kipimo kimoja cha ITP. Maabara huhesabu chembe zote za damu, kisha huitazama damu kwa darubini. Ikiwa ni pleitileti pekee zilizopungua, na mtoto hana homa, hajakonda, tezi na wengu hazijavimba, daktari huelekea ITP. Malaria nayo hushusha pleitileti, kwa hivyo hupimwa. Chembe nyingine zikiwa na kasoro, lazima saratani ya damu ichunguzwe.

Hapo ndipo naomba mnisikilize vizuri. Prednisolone ni dawa ya ITP, na wapo wanaoinunua dukani bila cheti cha daktari. Mtoto mwenye saratani ya damu akiimeza kabla ya kupimwa, saratani inaweza kujificha kwa muda, na matibabu yakachelewa. Usimpe pia aspirin wala ibuprofen, maana huzidi kudhoofisha pleitileti. Akiumwa, paracetamol inatosha.

Baada ya vipimo, msishangae daktari akiwarudisha nyumbani bila dawa. Wazazi wengine huona wamefukuzwa. Sivyo: takriban watoto 8 kati ya 10 hupona, wengi katika miezi michache, hata bila dawa. Asiyevuja damu anahitaji kuangaliwa na tarehe ya kurudi kliniki, basi. Anayevuja hupewa prednisolone kwa siku chache, au imunoglobulini ya mshipani, ambayo ni ghali. Kuongezewa pleitileti huachiwa dharura, kwa sababu kinga huziharibu hizo pia.

Wakati huo asipande miti wala kucheza mpira wa kugongana. Mwalimu aonyeshwe barua ya hospitali, asije akadhani mtoto anapigwa nyumbani.

Kuvuja damu kwenye ubongo hutokea kwa chini ya mtoto 1 kati ya 100, lakini huua. Akiumwa sana na kichwa, akitapika, akisinzia isivyo kawaida au akigonga kichwa, mpelekeni hospitali usiku huohuo. Vivyo hivyo damu ya pua ikikataa kukatika mkiwa mmeibana, mkojo ukiwa na damu, choo kikiwa cheusi, au vidoa vikija pamoja na homa.