Kijana Asiachwe Njiani
(Maneno kwa wazazi na vijana wa Kajiado na Kitengela)

Wazee wangu, mama zetu, na ninyi vijana,

Nataka kusema nanyi juu ya safari ya kutoka utotoni hadi utu uzima. Safari hii ina taabu zake, na nyingine hazionekani kwa macho, kwa kuwa zimo moyoni.

Desturi ya Wamasai yalijua jambo hili. Mvulana hakuvuka peke yake. Katika Enkipaata alitayarishwa pamoja na wenzi wake wa rika; katika Eunoto alinyolewa nywele za umorani; na katika Olng'esherr aliingia daraja ya wazee. Tena kila rika lilikuwa na wazee walioliwashia moto, ambao kazi yao ni kuonya na kufundisha. Mwaka 2018 UNESCO iliziandika sherehe hizi tatu katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa upesi.

Sasa tazameni Kitengela. Malisho mengi yamekatwa viwanja, na watu wa kila kabila wamehamia. Kijana amaliza kidato cha nne, akaa nyumbani akingoja kazi au karo. Hana mzee wa kumwuliza, wala hajui kama yeye ni mtoto au mtu mzima. Baba humwita mvivu. Polepole hujitenga, hakosi kukasirika bure, usingizi humpotea, au hutafuta faraja katika pombe. Wazazi, hiyo si jeuri sikuzote. Huenda ni dalili ya moyo uliolemewa.

Binti naye asisahauliwe. Ukeketaji umekatazwa kwa sheria ya mwaka 2011, na ni haki. Lakini kumwondolea kisu hakutoshi, asipopewa pia mafundisho, shule na heshima ya mtu mzima.

Basi yatupasa nini? Kwanza, kila kijana apate mzee mmoja, mwanamume au mwanamke, atakayesikiliza kabla ya kuhukumu. Pili, apewe kazi ya maana nyumbani, na ahesabiwe katika mashauri ya jamaa. Tatu, akisema amechoka kuishi, msimkemee wala msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali siku ile ile. Msiogope polisi, kwani mwaka 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitangua kifungu kilichomwadhibu mtu aliyejaribu kujiua.

Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Lakini ulimwengu hauna huruma ya mzazi.