Juhudi na Bahati: Hotuba kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka



Mara nyingi mtu akifanikiwa, twasema alijitahidi. Akishindwa, twasema alikuwa mvivu. Maneno hayo ni nusu ya kweli, na nusu ya kweli yaweza kumdhulumu mtoto wa watu.

Na tutazame maisha ya marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyezaliwa mwaka 1940 kijijini Ihithe, Nyeri. Wasichana wengi wa rika lake hawakupelekwa shuleni. Yeye alipelekwa kwa kuwa kaka yake, Nderitu, alimwuliza mama yao kwa nini Wangari naye asisome; mama akakubali. Alipomaliza masomo ya sekondari huko Loreto, Limuru, mwaka 1959, safari za wanafunzi kwenda Marekani, ambazo marehemu Tom Mboya alishiriki kuziandaa, zilikuwa zimekwisha kuanza. Mwaka 1960 akasafiri pamoja na wenzake wapatao 300. Lau angalimaliza miaka michache mapema, mlango huo angaliukuta umefungwa.

Lakini, ndugu zetu, swali la kaka halikumfanyia mtihani, wala ndege haikumsomea vitabu. Alirudi na shahada mbili. Mwaka 1971 akapata shahada ya udaktari, mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na ya Kati. Mwaka 1977 akaanza kazi ya Green Belt kwa kupanda miti 7 tu, na mwaka 2004 akatunukiwa Nishani ya Nobel ya Amani. Mlango alifunguliwa, njia aliitembea mwenyewe.

Wahenga walinena: mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Ni kweli tupu. Lakini hata huyo mgaagaa sharti kwanza awe na upwa.

Kwa hiyo twawaomba wazee wa Halmashauri, wanapogawa fedha za karo, wasitazame alama peke yake. Mtoto mwenye taa, meza, na baba ajuaye kusoma akipata alama 80, na mwenzake achotaye maji kabla ya mapambazuko akipata 60, ni yupi aliyejitahidi zaidi? Tukimwacha huyu wa pili, tutakuwa tumemlipa mwenye bahati na kumtoza asiyenayo.

Nasi tulio na kazi za mshahara tusijidai kwamba tulipanda peke yetu. Kila mmoja wetu alishikiwa ngazi na mtu: shangazi aliyeuza mbuzi, mwalimu aliyengojea karo, au wazee wa chama. Deni hilo halilipwi kwa shukrani za mdomo, bali kwa kutoa mchango kabla ya kukumbushwa na Mtunza Hazina.

Basi kila mmoja wetu arejeapo nyumbani, na aulize kama alivyouliza Nderitu: ni mtoto gani hapa ambaye bado hajafunguliwa mlango?