Mti Huhesabiwa Ukiisha Kushika

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wapenzi wa Levolosi, Arusha



Nimeombwa niseme machache juu ya Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, yaani tarehe 1 Aprili ya kila mwaka. Zamani siku hii ilikuwa tarehe 1 Januari. Lakini Januari kwetu Arusha ni jua kali, na mche uliopandwa juani hauna budi kunyweshwa kwa ndoo. Ikahamishwa ili iangukie masika, na hilo lilikuwa jambo la busara.

Tena serikali ikaziagiza halmashauri zote: kila moja ipande miti isiyopungua 1,500,000 kwa mwaka. Agizo ni jema. Lakini hebu tufanye hesabu kama wafanyavyo watoto wa shule. Gawanya miti hiyo kwa siku 365: ni zaidi ya miti 4,100 kila siku, Jumapili na Idi zikiwemo. Igawanye kwa kata 25 za Jiji la Arusha: kila kata ina miti 60,000. Je, ndugu zangu, Levolosi yetu iliyojaa nyumba na maduka itaipanda wapi? Juu ya mabati?

Sisemi agizo lidharauliwe. Nasema tunahesabu kisichofaa. Tunahesabu miche iliyotoka kitaluni, hatuhesabu iliyoshika. Aprili tunachimba mashimo, picha zinapigwa, watu wanakwenda zao. Masika yakiisha hakuna anayeuliza. Kiangazi kinakausha, mbuzi wanamaliza. Aprili ijayo shimo ni lile lile, mche ni mwingine. Huko ni kupanda mti mmoja mara tano, na katika taarifa kuandika mitano.

Tuwatazame jirani zetu wa Kenya. Mwaka 1977 Mama Wangari Maathai alianzisha Harakati ya Ukanda wa Kijani. Akina mama wa vijijini walipewa fedha kidogo, si kwa kila mche waliopanda, bali kwa kila mche ulioshika. Mwaka 2004 Mama huyo alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ya Kenya ilitoa siku nzima ya mapumziko ili wananchi wapande miti. Siku hiyo ni jambo la kusifiwa, lakini somo letu liko kwa wale akina mama.

Basi tufanye nini? Waraka wa serikali huwaagiza watumishi wake. Haumfungi mwenye mbuzi. Sheria ndogo humfunga. Na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 imezipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo. Tumwombe diwani wetu apeleke barazani mambo matatu.

Kwanza, kila mche utakaopandwa siku ile uwe na mlezi, iwe nyumba, duka au shule, na jina liandikwe katika daftari la mtaa.

Pili, kabla mche mpya haujatolewa, mwenyekiti wa mtaa asome mbele ya mkutano wa hadhara: mwaka jana tulipanda mingapi, na leo mingapi iko hai.

Tatu, nguvu zetu ziende penye nafasi: viwanja vya shule, na kingo za mito kama Naura na Themi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 za kingo za mto. Hapo pandeni mringaringa na miti mingine ya asili. Mkaratusi hunywa maji mengi. Msiuweke karibu na chemchemi.

Ndugu zangu, mji huu unakunywa maji ya Mlima Meru. Chemchemi ikipungua, ndoo inapanda bei, na mnyonge ndiye wa kwanza kuumia. Levolosi ikipanda miti 200 tu, na 180 ikawa hai Aprili ijayo, tutakuwa tumefanya kazi kuliko mwenye kuandika 60,000 katika karatasi.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na mti ni vivyo hivyo. Anayekubali kuwa mlezi, na ajiandikishe leo kabla hajatoka mkutanoni.