Tibet Inatuhusu Nini?

(Maneno haya yalisemwa Jumamosi baada ya Isha, kwenye kikao cha vijana. Tumeyaandika kwa wale waliokosa kufika.)



Ndugu zangu na dada zangu, Jumamosi iliyopita tulizungumza juu ya ndugu zetu Wauyghur. Ukumbi ulijaa mpaka wengine wakasimama mlangoni. Katikati ya maneno nikaitaja Tibet, sentensi moja tu, na kijana mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Hao si ni Wabudha? Wanatuhusu nini?" Watu wakacheka. Mimi nikajibu haraka haraka nikapita. Nilipofika nyumbani nikajua sikumjibu. Basi leo namjibu.

Naanza na mtu mmoja, anaitwa Chen Quanguo. Huyu ndiye aliyekuwa katibu wa Chama cha Kikomunisti kule Xinjiang kuanzia 2016 mpaka 2021, wakati makambi yale yalipojaa Waislamu. Kabla ya hapo alikuwa wapi? Alikuwa Tibet, tangu 2011, kazi ile ile. Vituo vidogo vya polisi kila baada ya hatua chache barabarani, mitaa kukatwa vipande vipande na kila kipande kuwekewa watu wa kukichunga, maafisa wa chama kutumwa wakaishi vijijini na ndani ya nyumba za watawa, watu kuambiwa warudishe paspoti zao. Yote hayo Lhasa iliyaona kwanza, ndipo yakapelekwa Urumqi. Kwa hivyo sisi tulipoanza kulia 2017, ile mbinu ilikuwa imeshafanyiwa mazoezi kwa watu ambao hatukuwajali. Wallahi hilo pekee lingetosha kuwa jibu, lakini si jibu zuri, manake linasema mtu atuhusu kwa sababu yaliyompata yeye yatatupata sisi. Nitarudi hapo.

Historia kwa ufupi. Jeshi la China liliingia mashariki mwa Tibet Oktoba 1950. Mei 1951 wajumbe wa Tibet walitia sahihi mkataba wa vipengele 17 kule Beijing, jeshi likiwa tayari ndani ya nchi yao. Tarehe 10 Machi 1959 watu wa Lhasa waliinuka, wakapigwa, na Dalai Lama akakimbilia India na maelfu ya watu wake wakamfuata. Serikali ya China inasema Tibet ni yao tangu karne ya 13. Watibeti wanasema kuanzia 1912 mpaka 1950 walijiendesha wenyewe, na jeshi lao na pesa zao. Wasomi wanaweza kubishana mpaka Kiyama juu ya wafalme wa kale. Swali langu ni jepesi zaidi: wanaoishi pale, kuna siku waliulizwa?

Sasa kuna hoja tatu ambazo huwa tunazisikia, hata hapa kwetu.

Ya kwanza, kwamba China iliwakomboa. Na tusidanganyane, Tibet ya zamani haikuwa pepo. Kulikuwa na wakulima waliofungwa kwenye ardhi ya mabwana na ya nyumba za watawa, hawawezi kuondoka bila ruhusa. China imeweka hata sikukuu, tarehe 28 Machi, ya kukumbuka kuwaachilia hao. Halafu wanaonyesha reli iliyofika Lhasa 2006, barabara, hospitali. Sisi watu wa Pwani hoja hii tunaijua vizuri sana. Mwingereza alifuta utumwa hapa mwaka 1907. Ni kweli alifuta, na ni jambo jema. Mwaka uliofuata, 1908, akaleta sheria ya hati za ardhi, na ardhi isiyo na mwenye hati ikawa ya Ufalme wa Uingereza. Mpaka leo kuna watu Kilifi na Kwale wanaitwa maskwota kwenye shamba alipozikwa babu yao. Kuna yeyote hapa anayesema kwa sababu alifuta utumwa basi alikuwa na haki ya kututawala? Na alijenga reli pia, si alijenga?

Ya pili, kwamba Tibet ni ajenda ya Marekani. Hii ina ukweli ndani yake na sitaificha. Shirika la ujasusi la Marekani, CIA, liliwapa wapiganaji wa Kitibeti silaha na mafunzo kuanzia miaka ya 1950. Halafu Marekani ilipotaka urafiki na Beijing, Nixon akaenda kule 1972, wale wapiganaji wakaachwa mlimani. Mimi hapo simwoni Mtibeti aliyekuwa kibaraka, namwona mtu aliyetumiwa na mkubwa mmoja dhidi ya mkubwa mwingine. Nyinyi wenyewe mkidai haki zenu hapa Kenya mnaambiwa kuna mtu wa nje anawalipa. Mnajua lile neno linavyouma.

Ya tatu ndiyo nzito kwetu. Machi 2008, ghasia zilipotokea Lhasa, maduka ya Waislamu Wahui yalichomwa moto, na lango la msikiti mkubwa likachomwa. Waliofanya hivyo walikuwa Watibeti. Ilikuwa dhulma na naiita dhulma. Ongeza na yale waliyofanyiwa Warohingya na watu waliovaa nguo za watawa wa Kibudha kule Myanmar, utaelewa kwa nini yule kijana aliuliza alivyouliza. Lakini Dalai Lama mwenyewe mwaka 2017 aliwakemea hadharani Wabudha wa Myanmar kwa ajili ya Warohingya. Na zaidi ya hapo, kosa la kundi la vijana wenye hasira haliondoi haki ya watu wote. Tungekubali sisi tupimwe hivyo? Tunapimwa hivyo kila siku, na ndiyo sababu harakati hii ipo.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hapa hawalijui: Tibet ina Waislamu wake. Wanaitwa Kache, asili yao wengi ni wafanyabiashara wa Kashmir. Karne ya 17 Dalai Lama wa tano aliwapa ardhi Lhasa wajenge msikiti na wazike maiti zao. Wao husimulia kwamba ardhi ilipimwa kwa mishale: ilirushwa kila upande, na pale ilipoanguka ndipo mpaka. Waliishi pale karne na karne, wakisema Kitibeti, wakichinja, wakifunga, katikati ya nchi ya watawa. Baada ya 1959 wengi wao walidai uraia wa India kwa sababu ya asili yao, wakaondoka. Leo wako Srinagar, Darjeeling, Kalimpong. Yaani wametoka kwenye nchi isiyoulizwa, wengine wakaangukia Kashmir, ambayo nayo bado inasubiri kuulizwa. Subhanallah.

Na wanachodai Watibeti ni nini hasa? Dalai Lama tangu miaka ya 1980 hadai nchi huru. Anadai mamlaka ya ndani ya kweli: lugha, dini, shule, mazingira, ndani ya China hiyo hiyo. Vijana wengi walioko uhamishoni hawakubaliani naye, wanataka uhuru kamili. Mimi sina kura hapo. Hata hicho kidogo hakijatolewa. Mazungumzo ya wajumbe yalikwama mwaka 2010. Mwaka 2023 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walisema watoto wa Kitibeti karibu milioni 1 wako kwenye shule za bweni za serikali, wakisoma kwa Kichina, mbali na wazazi na lugha ya nyumbani. China imekanusha. Mwaka 1995 mtoto wa miaka 6, ambaye Dalai Lama alimtambua kuwa Panchen Lama, alichukuliwa na serikali pamoja na wazazi wake. Hajaonekana hadharani mpaka leo. Sasa Dalai Lama ametimiza miaka 90, na chama ambacho hakiamini Mungu kinasema ndicho kitakachoidhinisha atakayemfuata.

Sisi hatuamini kuzaliwa upya, na hatuna haja ya kujifanya tunaamini. Lakini fikiria serikali ikuambie nani ni imamu wako na nani si imamu. Waislamu wa China hawahitaji kufikiria, tayari misikiti yao imevuliwa makuba.

Nilisema nitarudi kwenye lile jibu. Kabla ya utume, Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, alihudhuria Hilful Fudhul nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an. Mfanyabiashara kutoka Yemen alikuwa amedhulumiwa mali yake Makka na bwana mkubwa wa pale. Hakuwa Mwislamu, Uislamu haukuwa umeletwa. Hakuwa na kabila la kumtetea. Waliokula kiapo hawakusema leo yeye, kesho sisi. Walisema aliyedhulumiwa atasimamiwa mpaka apewe haki yake. Na Mtume baadaye, Uislamu ukiwa umesimama, alisema angeitwa tena kwenye kiapo kile angeitikia.

Mwaka 1959 suala la Tibet lilipelekwa kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa na nchi mbili, Ireland na Malaya. Malaya, nchi yenye Waislamu wengi, miaka miwili tu baada ya kupata uhuru wake. Oktoba 2022 kwenye Baraza la Haki za Binadamu iliombwa tu kujadiliwa ripoti juu ya Xinjiang, kujadiliwa tu. Ikashindwa, kura 17 kwa 19. Pakistan ilikataa, Qatar ikakataa, Indonesia ikakataa, Senegal ikakataa. Katika nchi za Afrika iliyokubali ni moja, Somalia, jirani zetu. Hao waliokataa walikuwa wakiwanyima ndugu zao wa dini. Mtibeti atategemea nini kwao?

Kwa hivyo kuanzia mwezi huu, tukisimama kwa ajili ya Palestina na Wauyghur, Tibet itatajwa kwenye dua na kwenye mabango. Kamati bado haijakubaliana yote, na najua kuna wazee watakaoniita pembeni. Waje tuzungumze.

Maswali sasa. Yule kijana wa wiki iliyopita yuko pale nyuma, aanze yeye.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.